Kofia ya Nyaya ya Daktari Hemedy

Mashine ya kupimia ubongo ilianza kunukia marashi ya waridi kabla mgonjwa hajafika. Daktari Hemedy, mtafiti wa ubongo kutoka Dar es Salaam, alikunja pua, akamtazama muuguzi Hafsa kana kwamba ndiye aliyeimwagia. Hafsa akaapa hajagusa kitu. Daktari akageukia nyaya zake. Alikuwa mmoja wa wale wasomi wanaoona kumjibu muuguzi wa zahanati ya kijijini, huko kwenye delta ya mto, ni kujishusha cheo.

Mgonjwa mwenyewe aliletwa na mama yake, Mwanawetu, mkulima wa mpunga. Binti yake, Subira, alikuwa akianguka na kutoa povu. Juzi alikuwa ameangukia mtoni, akaopolewa hoi. Mwanawetu alijua safari nyingine atamzika.

"Akianguka, daktari, anasema kwa sauti ya kiume," alinong'ona. "Mganga alitaka ampandishe huyo jini, amuulize jina na haja yake, apewe, aende zake."

"Mama, huo ni umeme wa ubongo tu. Mjini tunamwingiza mtu kwenye mashine ya sumaku, tunauona ubongo wote, kipande kwa kipande. Hatujamwona jini hata mmoja."

Akacheka, peke yake.

Alimvisha Subira kofia ya nyaya, akampaka jeli kichwani, akamwamuru apumue harakaharaka huku taa ikimwakia na kuzima machoni, ili kifafa kiamke akione kwenye kompyuta. Kwa maneno mengine, mpumbavu yule alikuwa anapandisha jini kwa betri badala ya ngoma, bila hata adabu ya kumkaribisha.

Mistari kwenye kioo ikaruka juu, Subira akakakamaa, yale marashi yakageuka uvundo wa matope ya mikoko, na kutoka kifuani mwa binti ikapanda sauti nzito iliyofanya madirisha yatetemeke, ikauliza, "Nani kaniita?"

"Mjibu, daktari," Hafsa alisihi kwa sauti ya chini.

"Sijibu kifafa."

Akamvua Subira kofia, akaiweka mezani. Mistari iliendelea kuruka, mikubwa kuliko mwanzo, na ile kofia haina kichwa ndani yake.

"Waya umelegea," alisema, na kwa kuwa majivuno hayamwachi mtu hata akiwa na hofu, aliivaa mwenyewe ili awaonyeshe.

Mistari ikatulia. Subira akafumbua macho, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Mwanawetu akalia kwa furaha.

Ndipo daktari alipofungua mdomo, na ile sauti nzito ikatoka.

"Kwa binti nilikuwa nabanwa. Humu mna nafasi tele."

Hafsa aliushika mkono wa Mwanawetu. "Mama Subira, wewe unajua mambo ya majini. Muulize jina na haja yake, apewe, atoke."

"Akitoka humo ataingia wapi, nesi?"

Hafsa akamtazama Subira, aliyekuwa anakunywa maji.

"Mama," daktari alisema, mara hii kwa sauti yake, nyembamba, machozi yakimchuruzika, "muulize. Nakuomba, usiniache naye."

Mwanawetu alimfuta mwanawe jeli nyweleni kwa ncha ya khanga, akamshika mkono, wakatoka. Hafsa akawafuata, na ndiye aliyefunga mlango kwa nje.