Neno la Siri la Mwa Mbuyi

Asubuhi hiyo Germaine aliingia chumbani kumwamsha Mbuyi aende shule, akamkuta amelala amejibana ukutani. Godoro lilikuwa pana, na tangu maziko Mbuyi alijizoeza kulala katikati, mikono huku, miguu kule, kama mwenye nyumba. Sasa alikuwa amerudi upande wake wa zamani, na ule upande mwingine ulikuwa umebonyea kidogo. Germaine akaweka kiganja pale. Palikuwa na joto.

"Ulilala namna gani hivi?" akamuuliza.

"Balinisukuma, mama."

"Nani alikusukuma?"

Mbuyi akavaa viatu, akatoka. Germaine akajiambia mtoto ameota, akaenda zake sokoni. Mama akiogopa kweli, hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza: kujiambia ni ndoto.

Watoto walikuwa wawili. Katika familia za Waluba wa Kasai zilizokuja mji wa Likasi enzi za babu kuchimba shaba, pacha wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga, hakuna mjadala. Siku ile ile ya kuzaa, mama hupoteza jina lake. Hata majirani wa kanisani hawakumwita Germaine tena. Alikuwa Mwa Mbuyi, mama wa Mbuyi, na mumewe Jean, fundi wa umeme pale kiwandani mtaa wa Panda, akawa Sha Mbuyi. Kila kitu ndani ya nyumba kilivunjwa sawasawa: mkate, samaki, hata kipande cha sabuni ya kuogea, nusu ya huyu na nusu ya huyu, ili asije mmoja akaona wivu. Majina nayo yaliitwa pamoja. Hakuna aliyesimama mlangoni akamwita mmoja peke yake.

Na pacha akifariki, wazee hawasemi amekufa. Wanasema amerudi nyuma. Huliliwa kwa sauti ya chini, na jina lake halitamkwi peke yake, maana aliyeitwa huja, na huyu akija hapendi kuondoka bila mwenzake.

Kabanga alirudi nyuma wakati wa mvua, malaria ilipompanda kichwani. Jean aliuza simu kubwa ya Germaine kununua damu. Aliyeinunua aliifuta palepale, mbele ya lango la hospitali, na picha zote za Kabanga zilikuwa humo. Hakuna aliyekumbuka kuzihamisha kwanza. Damu nayo haikusaidia. Germaine akabaki bila sura ya mwanawe, isipokuwa ile aliyokuwa akiibeba Mbuyi usoni, na mkononi akabaki na simu ndogo ya vifungo yenye tochi.

Hapo ndipo benki ilipoingia. Germaine alikuwa muuza samaki wakavu, samaki wa ziwa la Mwadingusha, na mzigo haupakiwi garini mpaka muuzaji alipwe. Benki yake ilikuwa imefunga ofisi ya Likasi na kuwaambia wateja kila kitu sasa ni kwenye simu. Simu gani? Za kioo, bila shaka. Wenye vifungo wakapiga kelele hadi akatumwa wakala, Clovis, baba mwenye kitambi na tai, akakaa kwenye meza sokoni Panda akifundisha akina mama mmoja mmoja. Unapiga namba fupi. Mashine inapokea. Unabonyeza mbili kutuma pesa. Mashine inakuuliza neno la siri, unalitamka kwa mdomo wako, nayo inaitambua sauti yako. Kwisha. Ilikuwa njia nzuri, tusiionee.

"Chagula neno moja, mama," Clovis alimwambia. "Neno hauwezi kusahabu hata siku moja. Na usiambie muntu."

Germaine hakufikiri. Moyo ulikuwa umejaa neno moja tu.

"Kabanga," akasema.

Clovis alikuwa mtu wa Lubumbashi, na mambo ya pacha hakuyajua. Angekaa Mluba yeyote nyuma ya meza ile, angemziba mama huyu mdomo kwa kiganja.

Majuma ya kwanza mashine ilifanya kazi yake. Ilisema Kiswahili safi cha watangazaji wa redio, ikashukuru, ikakata. Kisha jioni moja umeme ulikatika Panda nzima, Germaine akasimama mlango wa jikoni na simu yake kulipa mzigo.

"Tafadhali, sema neno lako la siri," ilisema mashine.

"Kabanga."

Kwa kawaida kulikuwa na mlio mdogo hapo. Safari hii kulikuwa na kimya, na ndani ya kimya mtu akavuta pumzi, pumzi fupi ya mtoto aliyekuwa akikimbia.

"Eyo, mama," ikasema sauti, kama mtoto yeyote wa Panda anavyomwitikia mama yake.

Kisha mlio. "Asante. Neno lako limekubaliwa."

Germaine alikaa chini kwenye sakafu. Hakuogopa. Hilo ndilo la kusikitisha kuliko yote, kwamba hakuogopa hata kidogo. Alilia kwa furaha, mkono mdomoni, na alipomaliza kulia akapiga tena ile namba, ingawa hakuwa na mtu mwingine wa kumlipa.

Tangu siku hiyo alipiga kila jioni. Alibonyeza mbili, akasubiri, akaita, akajibiwa, kisha akakata kabla mashine haijamuuliza anamtumia nani. "Eyo, mama." Maneno mawili tu. Kwa maneno hayo mawili alipika, aliuza, alikwenda misa, na wenzake sokoni wakasema Mwa Mbuyi ameanza kupona.

Mbuyi ndiye aliyeanza kuugua, kuanzia asubuhi ile ya godoro. Alikula nusu ya sahani na kuisogeza iliyobaki pembeni, kwa mpangilio, kama anayemwekea mtu. Mikono yake ilikuwa baridi mchana wa jua kali. Alizungumza chini chini akitazama nafasi iliyo wazi kwenye benchi, na mkubwa akiingia alinyamaza. Jean alirudi kutoka kiwandani siku moja, akasimama katikati ya sebule akinusa.

"Nani amefungula sirop?" akauliza.

Germaine naye aliinusa. Ilikuwa harufu tamu ya ile dawa nyekundu ya homa waliyomnywesha Kabanga siku zake za mwisho, akaitapika, wakamnywesha tena. Chupa yenyewe ilikuwa imetupwa zamani.

"Hakuna muntu, Sha Mbuyi," akanong'ona.

"Minye nainusa tangu juma ya jana. Mu chumba ya mutoto." Jean alishusha sauti. "Mwa Mbuyi, kuko kitu unanificha?"

"Hapana."

Na jioni akapiga tena.

Jumamosi alifua. Kulikuwa na gauni moja la njano lenye maua, gauni la Mbuyi. Yalikuwa mawili, lakini lile la pili Kabanga alizikwa nalo, Germaine mwenyewe alilifunga vifungo. Alianika moja tu. Mawingu yalipoanza kukusanyika alitoka na beseni kulianua, na kwenye kamba yalikuwa mawili, yameshikana mikono kwa upepo, moja limekauka na jingine linadondosha maji, na maji yaliyokuwa yakidondoka yalikuwa mekundu, mekundu ya udongo wa makaburini, nayo yalidondoka juu ya majani na juu ya matofali na yakafanya njia nyembamba kuelekea mlangoni, na katika njia ile kulikuwa na alama za nyayo ndogo zinazoingia ndani, na hakukuwa na alama zinazotoka, na kutoka chumbani alimsikia Mbuyi akicheka, na mtu mwingine akicheka pamoja naye, vicheko viwili vilivyofanana kiasi kwamba yeye aliyewazaa wote wawili hakuweza kusema ni kipi cha nani.

Alimkuta Mbuyi kitandani, ukutani, macho wazi, midomo imekauka.

"Anasema huko kuko baridi," Mbuyi akamwambia. "Anasema tuende babili, minye naye."

Jean alikimbia kumleta Mama Georgette, kiongozi wa kikundi cha sala, mwanamke mzee aliyezaa pacha mara mbili na kusindikiza wawili kati yao makaburini. Alikuja na rozari shingoni na donge la mpemba, ule udongo mweupe, ndani ya kitambaa. Alimpaka Mbuyi kwenye mikono na paji la uso. Kisha akawatazama wazazi.

"Ule mwenzake hakuya tu yeye mwenyewe," akasema polepole. "Iko muntu anamwita. Nani?"

"Hakuna, mama," Jean akajibu. "Jina yake hatuitaji."

Georgette hakumtazama Jean. Alimtazama Germaine, na Germaine akatoa simu mfukoni mwa kitenge, akaiweka mezani kama mwizi anayetoa alichoiba. Akaeleza yote.

"Mwa Mbuyi!" Georgette alishika kichwa. "Kabanga, Kabanga, peke yake, kila siku? Bila ndugu yake?"

"Anaitikaka, mama. Anaitika 'eyo mama'. Sina hata foto yake. Sina kitu."

"Njo anaitika. Ni mutoto, ukimwita anakuya. Lakini huku hawezi kubakia, na kurudia peke yake hapendi. Atamubeba Mbuyi. Hii juma, pengine hata kesho." Mzee alimshika mkono, na sauti ikalegea. "Mwanangu, minye pia nililia. Lakini uko na mumoja angali na pumzi. Badilisha ile neno, uweke kitu haina roho. Na kutoka leo, usigawe kitu nusu na nusu mu hii nyumba. Ukigawa, umemukaribisha."

Jean akampigia Clovis kwa simu yake mwenyewe. Clovis alijibu kwa adabu kwamba neno linabadilishwa kirahisi, mama apige namba ile ile na kubonyeza tano, ila lazima kwanza aseme lile la zamani. Hata akipanda basi mpaka Lubumbashi ataambiwa vivyo hivyo. Ni usalama wa mteja.

Basi Germaine alipaswa kumwita mara moja zaidi ili amfukuze.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Georgette alimpakata Mbuyi sebuleni, Jean akamshika mtoto miguu iliyokuwa baridi, na Germaine akaingia jikoni peke yake, akafunga mlango. Akabonyeza tano.

"Tafadhali, sema neno lako la siri."

Alitazama mlango aliokuwa ameufunga. Kisha akaita.

"Kabanga."

"Eyo, mama." Karibu sana sasa. Haikuwa ndani ya simu tu, ilikuwa pia nyuma yake, kwenye kona ya makaa, pamoja na harufu ya sirop.

"Mutoto yangu," Germaine akasema, hakugeuka. "Wende. Wende polepole. Mbuyi anabakia na minye."

"Juu ya nini unanifukuza?"

"Sikufukuzi."

"Uliniita." Sauti ilianza kulia, kilio kile cha homa, cha kuchoka. "Weye njo uliniita, mama. Kila siku uliniita."

Mtoto alisema kweli. Germaine aliegemea ukuta, machozi na makamasi yakimtiririka, na sebuleni akasikia Jean akipaza sauti, "Mbuyi! Mbuyi, funga kinywa, usiitike!" na mashine, kwa Kiswahili chake safi, ikasema, "Tafadhali, sema neno lako jipya."

Alitazama huku na huku. Dirishani kulikuwa na kipande cha sabuni.

"Sabuni," akasema.

"Asante. Tafadhali, rudia neno lako jipya ili kulithibitisha."

Alifungua kinywa. Kabla hajatamka, kwenye kona ya makaa, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma ubaoni, kuna aliyetamka.

"Sabuni."

"Asante," ikasema mashine. "Neno lako limebadilishwa."

Simu ikakata. Harufu iliondoka, mvua ikaendelea. Germaine alipofungua mlango alimkuta Mbuyi ameketi mapajani pa Georgette akiomba ugali, mikono ina joto, na Jean amepiga magoti akimshukuru Mungu.

"Amekwenda?" Georgette akauliza.

Ungetegemea aseme ni nani aliyerudia lile neno jipya. Nami nilitegemea. Lakini alimtazama mzee yule machoni na kusema, "Amekwenda, mama."

Mbuyi alipona. Akarudi kulala katikati ya godoro, akamaliza sahani yake, akagombana na watoto wa jirani kama mtoto mzima anavyopaswa kugombana. Mzigo wa samaki Germaine alimpa Jean aulipie, kwa simu ya Jean. Ile ya vifungo ilitolewa betri ikatupwa kabatini. Ndani ya nyumba mkate haukuvunjwa tena. Neno lile jipya, sabuni, Germaine alilikwepa hata dukani, akawa anasema "ile ya kufulia", "ile ya kuogea", na Jean akamcheka kidogo, asijue.

Jumapili moja, wakijiandaa kwa misa, Mbuyi alikuwa uani amechutama mbele ya beseni, uso umelowa, macho ameyafumba.

"Mama!" akapaza sauti. "Niletee sabuni!"

"Eyo," akaitika mtu kutoka chumbani.

Jean alikuwa ameshatangulia kanisani. Germaine alikuwa jikoni, na hakuwa amefungua kinywa. Alisikia nyayo ndogo zikipita sebuleni zikikimbia, pekupeku, na upepo wa mtu mfupi ukampitia kwenye kitenge, na ndani ya upepo ule utamu wa sirop. Uani, Mbuyi hakuuliza kitu. Bila kufumbua macho alisogea pembeni, akalivuta beseni katikati, akaacha nafasi.

Germaine alijua la kufanya. Georgette alikaa nyumba ya nne, angeweza kumwita kwa sauti tu. Alijua pia jina la mtoto aliyekuwa bado na pumzi, na kwamba alipaswa kulitamka sasa hivi, kwa nguvu zote, na kumtoa pale.

Alichukua kipande cha sabuni dirishani. Kilikuwa kipya, kigumu. Akakiweka juu ya meza, akakivunja kwa kisu, vipande viwili, sawasawa.