Aliyetangulia Kushuka

Ndege walikuwa wamenyamaza. Hilo ndilo lililomshtua kwanza yule mpanda miti, mama wa watoto wawili ambaye wenzake kazini walimwita Kima kwa wepesi wake kambani. Mtafiti wa ndege alitaka kamera ifungwe karibu na kiota cha hondohondo, juu kabisa ya mti. Siku nyingine kelele za ndege zingemziba masikio. Leo kimya, na kamba ilinukia udi.

Alimwambia shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akimwangalia kutoka chini. Shemeji akamtania kwamba labda nyani wana harusi. Wakacheka, akajifunga mkanda, akapanda.

Alipofika katikati, kamba ikawa nzito. Ikatikisika chini yake kwa mwendo alioujua vizuri: vuta, tulia, vuta, tulia. Mwendo wa mtu anayepanda. Akauliza kwenye redio ni nani amemfuata. Shemeji akajibu kwamba yeye na mtafiti wamekaa kando, hakuna aliyeigusa kamba.

Akatazama chini. Hapakuwa na mtu, lakini kamba imekaza kama ya mbuzi anayegoma.

Kisha juu yake, ndani ya majani, sauti ya shemeji ikasema kwa upole, "Shemeji, kamba imeoza. Fungua mkanda nikupokee."

Na redio kifuani ikanong'ona, kwa sauti ileile, "Shemeji, unaongea na nani?"

Hakuinua macho. Akamtaja Mungu, akalegeza breki ya kamba, akaanza kushuka huku harufu ya udi ikimkaba koo, akafika pale penye ule uzito, ambapo hewa ilikuwa baridi kama ya ndani ya kisima, na kitu kikampapasa uso polepole, paji, pua, midomo, kama fundi cherehani anavyompima mteja, naye kafumba macho, anashuka, anashuka tu, mpaka visigino vikagusa ardhi.

Alipofumbua macho, jua alilopanda nalo asubuhi lilikuwa linazama. Gari halipo. Shemeji alikuwa peke yake, na alipomwona alirudi nyuma.

Akamweleza kwa kunong'ona kwamba yeye Kima alishashuka tangu mchana, akasema kichwa kinamuuma, mtafiti akampeleka nyumbani. Yeye shemeji alibaki kulinda vyombo. Na kamba, tangu hapo, ilikuwa imelegea, haina mtu.

Kima hakungoja amalize. Alimpigia simu mama mkwe, anayemlelea watoto, akauliza wako wapi. Nyuma ya mama mkwe alisikika mwanamke akiimba taratibu, wimbo wa kubembelezea watoto. Watoto wenyewe hawakusikika.

"Mwanangu," mama mkwe akanong'ona, "kama wewe ndiye unayepiga, huyu aliyejifungia chumbani na watoto ni nani?"