Sabufa Mbili na Kiti cha Nyuma

Ijumaa, saa 8:15 mchana

Mpango uliwekwa juu ya boneti, kwa sababu meza ya gereji ilikuwa na mguu mmoja mbovu na Kiranja hakupenda kitu kiyumbe wakati anazungumza. Alichora kwa chaki. Mstatili: duka la jumla la simu. Mstari nyuma yake: kichochoro. Msalaba mdogo kichochoroni: gari.

"Jumapili," alisema. "Duka limefungwa. Mlinzi mmoja, yuko mbele. Ukuta wa nyuma ni tofali tupu. Tatizo ni king'ora. Ukuta ukitikisika, kinalia."

"Basi tusiutikise," alisema Nyundo.

Nyundo alikuwa na mabega ya kabati na akili isiyojaza droo moja ya kabati hilo. Lakini hakuwahi kumsaliti mwenzake. Katika kazi ile, hiyo ni sifa ya kuandikwa kaburini.

"Tutautikisa, bwege wewe. Tunapiga muziki, king'ora kinalia. Mlinzi anakuja, anaona vijana na gari lao, anatukana, anakizima. Kinalia tena. Mara ya tatu atakizima moja kwa moja akalale. Hapo unaanza kugonga, ukifuata mdundo. Nani atasikia nyundo ndani ya besi?"

Breki akacheka. Huyo ndiye dereva. Aliitwa Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga.

"Mimi na Breki tunakuja na gari," Kiranja aliendelea. "Nyie wawili mnakuja kwa miguu. Watu wanne ndani ya gari wanahesabika. Kuondoka, tunaondoka wote."

Kisha akamgeukia wa nne wao, Waya. Gereji ilikuwa ya Waya. Nusu ya magari yaliyokuwa yakiwakosesha watu usingizi mjini yalipita mikononi mwake. Kiranja alikuwa amemwoa dada yake, na alilitumia neno "shemeji" kama grisi: alilipaka popote palipokwama.

"Sabufa mbili, shemeji. Inchi kumi na tano. Na amplifaya ya kuua mende."

"Boksi upana gani?"

"Mia na thelathini."

Waya akaitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Sentimita mia na thelathini ni kiti cha nyuma chote. Kinang'oka. Na buti linajaa. Sisi tuko wanne."

"Tutabanana," alisema Kiranja, akaifuta chaki kwa kiwiko.

Jumamosi, saa 3:40 asubuhi

Waya alifungua boliti nne, akakitoa kiti cha nyuma, akakisimamisha ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alipitisha waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri, chini ya zulia, mpaka nyuma. Akaweka fyuzi. Akakwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akafunga waya wa ardhi hapo. Mikono ilifanya kazi bila kumwuliza.

Likabaki boksi. Apime upya wa nini? Juu ya msumari, nyuma ya mikanda ya feni, kulikuwa na violezo vya kadibodi vya kazi za zamani. Akachomoa kimoja, akakipangusa vumbi, akakiweka ndani ya gari.

Kikakaa. Hakikuhitaji kukatwa hata ukucha.

Akakigeuza. Mwandiko wake mwenyewe: 130. Na chini yake: *gari la shemeji, kazi ya haraka.*

Waya akakaa chini, palepale kwenye oili.

Miaka miwili nyuma. Gari la aina hiihii. Boksi hilihili. Watu watatu walikwenda kazini: Kiranja, Breki, na kaka yake Waya, ambaye naye aliambiwa aje kwa miguu. Wawili wakarudi. Kiranja aliketi sebuleni kwa mama mkwe wake, kofia mapajani, sauti ya matanga. "Alichelewa, mama. Tulimsubiri mpaka dakika ya mwisho." Na mama akamshukuru. Akamshukuru! Akamwongezea sukari kwenye chai. Kaka alifungwa miaka tisa, na kila siku ya kutembelea wafungwa alimwuliza Waya jambo moja tu: "Shemeji yuko salama?" Hakuwahi kusema zaidi. Waya alidhani ni upendo.

Kisha kikamjia kitasa. Wiki ile ile Kiranja alileta gari lile gereji. Mlango wa nyuma, kushoto. Kitasa kilikuwa kimeng'oka na skrubu zake. "Watoto hawa, shemeji, watanimaliza." Waya akafunga kipya. Hata bei hakutaja. Familia.

Mtoto gani ana nguvu ya kung'oa kitasa cha gari?

Mtu mzima anayo. Akiwa amekishika, na gari linaondoka.

Lile boksi alilipiga msasa yeye. Alilivalisha kapeti yeye. Kiti cha kaka yake alikitoa kwa spana namba kumi na nne, akipiga mluzi.

Hakupiga kelele. Hasira yake ilikuwa ya mtu wa waya: haionekani, mpaka ushike.

Jumamosi, saa 9:05 alasiri

Nyundo alikuja kusaidia kubeba boksi. Walipolisukuma ndani likagota milango yote miwili. Nyundo akachungulia.

"Sasa sisi tunakaa wapi?"

"Kiranja kasema tutabanana."

"Na tutapumua kwa zamu?"

Waya akaufunga mlango wa gari. "Kesho nikikuambia kimbia, unakimbia. Huulizi. Hugeuki."

"Kuna nini?"

"Umeshauliza."

Breki alipokuja kulichukua gari, alikuta betri ya pili imefungwa kando ya boksi, imepakwa mafuta, inang'aa kama kiatu cha ukaguzi.

"Hii ya nini?"

"Ya muziki tu. Ya mbele inabaki kwa ajili ya injini. Mkifika, zima injini, pigeni hata siku nzima."

"Kwa nini nizime?"

"Injini ikiwaka inaingiza filimbi kwenye spika. Uiii, uiii. Unataka mlinzi asikie besi au birika?"

Breki akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Dereva anajua usukani. Nyaya ni dini ya watu wengine. Angejua hata kidogo, angeona kwamba ile betri ilikufa mwaka jana na haikuunganishwa na chochote. Mzigo wote wa besi ulikuwa mgongoni mwa betri moja, ile ya mbele.

Jumapili, saa 5:00 asubuhi

Besi ya kwanza ilipotoka, mabati ya kichochoro kizima yalianza kusali. King'ora kikalia. Mlinzi akaja mbio, kofia mkononi.

"Nyie watoto wa nani?"

"Wa mama yetu, mzee," Breki alijibu, miguu juu ya dashibodi. "Tunajaribu sabufa. Mpya hii."

"Ikajaribiwe kwenu!"

Mara ya pili alikuja akitembea. Mara ya tatu hakuja kabisa. King'ora kilikata katikati ya mlio, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Saa 5:34

Nyundo aligonga. Duu, tofali. Duu, tofali. Waya alivuta vifusi kwa mikono. Kiranja alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa mdundo, tai shingoni, kama mgeni rasmi.

Saa 6:08 mchana

Tundu lilipitisha mtu. Magunia manne ya simu yakatoka, moja baada ya jingine. Waya alitega sikio. Besi ilikuwa imeanza kukohoa. Duu ikawa du. Du ikawa pu. Hakuna mwingine aliyesikia. Wenzake walikuwa wakisikiliza magunia.

Kiranja alipanga magunia juu ya boksi mpaka yakagusa paa. Akaingia mbele. Akabonyeza kufuli. Milango yote ikajibu: ta.

Nyundo akavuta mlango wa nyuma. "Mkuu! Bado sisi!"

Kiranja akashusha kioo upana wa vidole viwili. "Gari limejaa, mdogo wangu. Tukutane gereji."

"Ulisema wote!"

"Breki, twende."

Breki akazungusha ufunguo.

*Tik.*

Akazungusha tena. *Tik, tik, tik.* Muziki ukafa. Kimya kikaanguka kichochoroni kama sahani jikoni. Saa nzima kelele haikumshtua mtu. Sasa, kwa ule ukimya, madirisha yakaanza kufunguka, na huko mbele mlinzi akauliza kwa sauti, "Mbona wamenyamaza?"

"Sukumeni!" Kiranja alifoka. "Litawaka kwa kusukuma! Shemeji!"

Waya akaja taratibu mpaka dirishani. Mkono wake ukashika kitasa cha nyuma, kushoto.

"Nani aling'oa kitasa cha gari lile?"

"Nini? Sukuma, wewe!"

"Kitasa. Nani?"

"Nilikwambia, watoto!"

"Nani?"

Filimbi ikalia mbele ya duka. Jasho lilikuwa limemtiririka Kiranja mpaka kwenye tai. "Alikuwa ameshika! Ningefanya nini? Angefungua, tungekamatwa wote! Nikamwambia Breki akanyage! Haya, umesikia? Sukuma!"

Breki alikuwa akiutazama usukani kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

Basi. Limesemwa. Miaka miwili ya chai na sukari ya mama yake. Waya alidhani hasira ingetoka na neno lile kama pumzi. Haikutoka. Ilikaa.

"Kimbia," alimwambia Nyundo.

Nyundo akakimbia. Alifika kona, huru kabisa, barabara nyeupe mbele yake. Akageuka.

Waya alikuwa bado ameshika kitasa. Vidole vilikataa kufunguka.

Saa 6:31

Pikapu ya polisi ilikuwa na mabenchi mawili nyuma, moja kila upande. Breki alikuwa ameketi mlangoni, kichwa magotini. Nyundo na Waya walikaa upande mmoja, pingu moja kwa wawili. Nyundo alikuwa na vumbi la tofali mpaka kwenye kope.

"Nilikwambia usigeuke," alisema Waya.

"Najua."

"Sasa ulirudi kufanya nini, mjinga wewe?"

"Ulikuwa umeshika mlango." Nyundo alifikiri kidogo. "Mtu aliyeshika mlango haachwi."

Waya akaitazama pingu iliyowaunganisha. Hasira yote aliyoipima kwa sentimita, akaikata, akaiunga, imempiga na mtu huyu, mtu pekee kati yao ambaye angemngoja kaka yake.

Askari akamsukuma Kiranja ndani, wa mwisho, tai imegeukia mgongoni. Benchi la pili lilikuwa limejaa magunia ya ushahidi. Kiranja akasimama ameinama, akitafuta pa kukaa.

"Nisogezee, shemeji."

Kando ya Waya palikuwa na nafasi tele. Waya akapanua magoti yake mpaka nafasi ikaisha.

"Tutabanana," alisema.

Gari likawaka mara moja. Kiranja akaanguka sakafuni, na huko akakaa njia nzima.