Mashahidi Wawili wa Mzee Harcombe

"Ng'ombe asivuke."

Agizo la wakubwa wake lilikuwa la maneno mawili tu. Amuron alilisoma kwenye simu akiwa tayari anakimbia.

Mbele yake, katikati ya foleni ya matrela ya Malaba, mwanamume mwenye shati la kijani alikuwa akijipenyeza kuelekea mto wa mpaka wa Uganda na mfuko mweusi kifuani. Jina lake Mujib. Ndani ya mfuko mlikuwa na faili la kesi ya zamani, lililoibwa kwenye masijala ya mahakama. Karani aliyelitunza, Otukei, alikuwa ameokotwa mtoni kichwa kikiwa kimepasuliwa.

Redio ya Motorola ikakoroma sikioni.

"Dada, ametokea nyuma ya ile Scania nyeupe." Alikuwa Bashir, msaidizi wake, juu ya paa la gesti na darubini ya Nikon. "Anashika njia ya panya. Akifika kwa maji, huyo si wetu tena."

"Nimemwona."

Idara ya upelelezi ilimtuma Amuron mpakani kwa sababu ya dhahabu. Genge la magendo lilitaka uwanja wake lenyewe wa kupitishia mali kando ya mto, pahali ambapo hakuna afisa wa forodha wa kuuliza maswali. Ardhi waliyoipenda ilikuwa Adungosi, na ilikuwa na watu. Basi wakamleta Lionel Harcombe, mjukuu wa Mwingereza aliyekuwa na kinu cha pamba huko enzi za ukoloni. Alikuja na suti nzuri na wosia wa babu yake uliowaachia wazao wake ardhi yote.

Amuron alikuwa ameufukua ukoo huo wosia baada ya wosia, kesi baada ya kesi. Mzee aliyeshtakiana na kaka yake. Mke aliyepanda meli akarudi kwao. Mtoto aliyefilisika Nairobi. Ukoo ulikuwa wa kweli na mjukuu alikuwa wa kweli. Wosia ndio ulionuka, ila hakuwa na la kuonyesha.

Otukei ndiye aliyelipata. Alimpigia Amuron simu, akasema kuna faili la ng'ombe litakalommaliza Harcombe, kisha hakusikika tena.

Sasa alikuwa mochari. Kaburi lake lilikuwa limefika nusu polisi walipoingia bomani kwake Adungosi na amri ya mahakama: hakuna kuchimba chochote kwenye ardhi yenye kesi. Mjane wake, Aguti, hakutaka fidia wala pole. Alitaka kumzika mumewe nyumbani kwake, basi. Na uamuzi wa kesi ya wosia ulikuwa unatolewa siku hiyohiyo.

Mujib aligeuka, akamwona, akachomoa bastola.

Risasi ilipasua kioo cha trela. Madereva wakajitupa chini, chai zao zikamwagika. Amuron aliingia uvunguni, akatambaa kwenye mafuta na matope, akaibukia upande wa pili na Glock mkononi.

Alimpiga goti.

Mujib alianguka hatua chache kutoka majini. Amuron akakanyaga mkono wenye bastola, akauvuta mfuko. Wangeweza kulichoma faili tangu mwanzo, lakini wenye genge hawakumwamini mtu wa kukodiwa. Tajiri wao upande wa Uganda alitaka kuliona likiungua kwa macho yake mwenyewe. Tamaa na kutoaminiana, Mungu awazidishie.

Akamuuliza ni nani aliyemuua karani.

"Si mimi, dada." Meno yake yalikuwa yakigongana. "Ni Harcombe alipiga na chuma. Mimi nilishika miguu tu."

Amuron alitamani kuongeza risasi ya pili. Aliitamani sana, na akajichukia kwa hilo. Kinasa sauti kilichoshonwa kwenye kola yake kilikuwa kimechukua kila neno. Akamfunga pingu, akamwachia polisi wa doria, akaruka ndani ya Probox ya Bashir.

Walienda mahakamani Busia mbio, honi ikilia. Amuron alifungua faili magotini.

"Boss, kweli mtu anauawa juu ya mahari ya watu walikufa kitambo?" Bashir aliuliza.

Amuron alifunua ukurasa wa kwanza. Ilikuwa kesi ya baraza la wenyeji, miaka miwili kabla ya wosia. Mzee mmoja alimshtaki mkwewe kwa ng'ombe wa mahari ambao hawakufika. Mkwe: Elungat. Mama wa binti aliyeolewa: Benedetta.

Elungat na Benedetta. Mashahidi wawili wa wosia wa Harcombe.

Akasoma mstari uliofuata mara mbili, akafunga faili polepole.

"Endesha, Bashir."

Mahakama ilikuwa imejaa watu wa Adungosi. Aguti alikuwa benchi la mbele, leso nyeusi kichwani, macho makavu. Amuron alimpa faili wakili wa serikali, Vivianne, akamnong'oneza maneno machache. Vivianne akasimama, akaomba ruhusa ya jaji kumuuliza Harcombe swali moja kabla ya uamuzi. Sheria ilitaka mashahidi wote wawili wawepo pamoja mzee akitia sahihi. Je, walikuwepo?

Harcombe alijibu kwa raha, mkalimani akimfuata. Baba yake alikuwepo akiwa mtoto, akamsimulia mara nyingi. Elungat na Benedetta waliketi meza moja, uso kwa uso. Mzee aliwakaribisha chakula, wakala sahani moja, ndipo wakaweka vidole gumba.



Mama mmoja alijifunika uso kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyewekwa kwenye meza hiyo. Kwa Wateso, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, sembuse kula pamoja. Baba yake Amuron mwenyewe, akimwona mama mkwe wake njiani, alikuwa akiingia kwenye mahindi ya watu. Aliyeghushi wosia alichagua majina mawili kwenye makaratasi ya zamani, hakuuliza yanahusianaje.

Vivianne akafungua faili, akasoma alichoandika karani wa baraza wakati huo: "Elungat amekataa kuingia kwa kuwa mama mkwe wake yumo ndani. Anatoa ushahidi akiwa nje ya mlango."

"Alikataa mbele ya bwana shauri, mkubwa wa serikali ya kikoloni," Vivianne akasema. "Angekubali kwa sahani ya wali?"

Jaji alilipitia faili ukurasa kwa ukurasa, muda mrefu. Kisha akautupilia mbali wosia, na pamoja nao amri zote zilizotokana nao.

Harcombe alikuwa ameshafika mlango wa pembeni, mkono kwenye simu, Hilux ikinguruma nje. Amuron alikuwa ameegemea mlango huo. Alibonyeza kinasa sauti.

"...Ni Harcombe alipiga na chuma. Mimi nilishika miguu tu."

Harcombe akaanza kueleza, kwa Kiswahili kizuri kumbe, kwamba yeye ni raia wa kigeni na ubalozi wake utapigiwa simu.

"Otukei naye alikuwa raia," Amuron alisema, akamfunga pingu.

Nje, Aguti alikuwa amesimama kwenye vumbi na simu mkononi. Hakuuliza habari za dhahabu wala za Harcombe.

"Wachimbe?"

"Wachimbe, mama."

Aguti akapiga simu nyumbani, akasema neno moja la Kiteso. Hakuikata. Amuron aliyekuwa karibu alilisikia jembe likigonga udongo, kisha likagonga tena, na uso wa Aguti ukaanza kuvunjika.

Amuron alivaa miwani yake ya jua, akaenda zake.