Aliyebaki Nyuma

Haya yalimpata Ragnfrid, rafiki yangu anayewapeleka wageni kupiga makasia kwenye fjodi, mkono mwembamba wa bahari kati ya milima, hapa kwetu Skarvik, kaskazini mwa Norwei. Wakati wa baridi, hata saa sita mchana ni giza. Kwa hiyo yeye hugonga mtumbwi wake kwa kasia, na kila mgeni hugonga wake kumjibu.

Siku hiyo, badala ya kukaa nyuma yao, alitangulia kwa hamu ya kahawa. Kila alipogonga wageni walijibu, kisha, mbali nyuma yao, likaja pigo zito lililochelewa.

“We wa nyuma,” akapaza sauti, “umekuja kupiga kasia au kulala? Bibi yangu anatembelea magongo na angekuacha.”

Wageni wakacheka, naye akaendelea kumsimanga hadi gatini.

Walipopanda, mzee mmoja akamuuliza kwa upole, “Binti, ulikuwa unamsema nani? Sote tulikuwa karibu yako.”

Ragnfrid akamulika. Mitumbwi yote ilikuwa imeshatolewa majini. Uso ukamwaka kwa aibu, akashindwa kuwatazama wageni. Akainama ukingoni, akanong'ona, “Nisamehe.”

Pigo likajibu, zito, taratibu, chini ya mbao za gati alizokanyaga.