Dirisha Lililongoja Mikono

Ndugu zangu, hili limenikaa rohoni, acheni nilitoe. Jirani yangu, fundi cherehani, kila Jumapili alikuwa akifunga duka na kwenda kumsuka mama yake kwenye nyumba ya wazee. Mama alikuwa ameanza kusahau, hata kama keshakula hajui. Lakini mkono wa bintiye ukigusa nywele tu, husema, "Umekuja, kitindamimba wangu." Basi hucheka wote wawili.

Likaja gonjwa. Geti likafungwa, na hapo sina ugomvi na mtu, maana wazee walikuwa wanakufa. Baadaye watu wa afya wakalegeza: ndugu waonane kupitia dirisha la kioo, mradi bodi ya nyumba ikubali.

Na mwenyekiti wa bodi ni nani? Kaka mkubwa wa fundi, mtoto wa mama huyo huyo. Tulimwita Kifungu, kwani hata ukimwomba chumvi atakutajia kifungu. Katiba yao ilisema uamuzi hupitishwa na wajumbe waliokaa chumba kimoja, kwa kunyoosha mikono. Na mikusanyiko imepigwa marufuku!

Nilimsindikiza fundi kwa kaka yake. Tukasimama mlangoni, mwanasheria wa bodi akiongea naye kwenye simu, sauti imefunguliwa.

"Mwenyekiti, tufanye kikao kwa simu. Sheria ya dharura inaruhusu. Kila mjumbe ataje kura yake, tutaithibitisha tukikaa pamoja."

"Katiba inasema mikono. Nitaionaje kwenye simu?"

"Kaka, ni mama huyu," fundi akasema.

"Ndiyo maana. Watasema nampendelea mama yangu. Wakinishtaki?"

"Na akinisahau?"

Machozi yakamlengalenga Kifungu. Kisha akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu, mimi nisiyeulizwa, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumapili zikapita. Fundi alifunga duka vilevile, akakaa na kitana mkononi, hana pa kwenda. Muuguzi akipiga simu humwambia, "Leo mama kauliza tena, 'Mwanangu hajafika?'" Baadaye muuguzi akaacha kusema hivyo, na fundi akaogopa kuuliza.

Marufuku ya mikusanyiko ilipoondolewa, bodi ikakaa. Viti havijapata joto, mikono yote ikanyooshwa. Kesho yake tukaenda dirishani, fundi, kaka yake na mimi. Mama alikuwa amekaa ndani, kichwa kimenyolewa. Akamtabasamia bintiye kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Mama, ni mimi, kitindamimba wako."

Mama akapunga mkono taratibu. "Dada, sogea kidogo, unaniziba. Namngoja mwanangu, anakuja kunisuka."

Fundi akasogea. Kifungu naye akasogea. Siku ile hakuwa na kifungu.

Funzo

Enyi mnaokaa kwenye bodi za vyama na nyumba za hisani, katiba iliandikwa iwalinde watu, haikuandikwa iwafiche viongozi. Andikeni mapema mtakavyoamua siku msipoweza kukaa pamoja. Siku hiyo ikiwakuta hamjaandika, msikilizeni mwanasheria wenu, amueni, kisha mjieleze mbele ya wanachama. Kutoamua nako ni kuamua. Fundi bado huenda kila Jumapili, na sasa anaruhusiwa kuingia. Mama humuuliza kama amemwona binti yake njiani.