Mtaa wa Nyuma

Masele alikuwa akikaza kamba ya mwisho. Gunia la pamba lililala kwa upana juu ya keria ya baiskeli, likatokeza huku na huku.

"Baba Salu, gunia hilo ni pana kuliko mlango wetu," alisema mkewe, Nyanjige.

"Barabara ni pana zaidi," Masele akacheka.

Akashika barabara kuu ya Bariadi kuelekea gulioni. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, na malori yalifuatana. Moja likaja kwa nyuma. Masele alitaka kulitazama, lakini gunia lilimziba. Alisikia ngurumo tu. Ardhi ikatetemeka. Lori likaparuza gunia, likalipasua, na Masele akaangukia mtaroni.

Alipofumbua macho, hewa yote ilikuwa nyeupe. Pamba ilielea kimya, ikatua vichakani na kwenye nywele zake. Shubiri moja kutoka kichwani pake kulikuwa na alama ya tairi. Akaitazama.

Sadick, fundi baiskeli, alimkimbilia.

"Mwangaluka, marehemu!" alimsalimu kwa Kisukuma, akimpa mkono. "Inuka tuhesabu viungo. Kwa nini hukupita mtaa wa nyuma?"

Tangu kijiji kipangwe kwa safu, mtaa huo ulinyooka kati ya nyumba mpaka gulioni. Malori hayakupita huko.

"Ule wa mbuzi?" Masele alijibu kwa sauti ndogo. "Una miiba ya mazizi. Itatoboa tairi."

"Tairi nitaziba. Kichwa sina kiraka chake."

Nyanjige alifika mbio, akamshika mumewe mkono, asiuachie.

Sadick akawaeleza taratibu. "Gunia lifungwe kwa urefu, uweze kugeuza shingo. Ukivuka barabara kuu, shuka. Tazama kulia, kushoto, kulia tena, ndipo usukume. Ukilazimika kupita barabarani, kaa kushoto, pembeni kabisa."

Mchana huo Masele, Nyanjige na majirani walitoka na majembe, wakaanza kuondoa miiba. Jioni Masele alifunga gunia jingine, safari hii kwa urefu, akajaribu kipande kilichosafishwa. Aligeuka nyuma, akamwona mkewe wazi. Alisikia kuku. Alisikia mtu akitwanga.

"Mama Salu!" aliita kwa mshangao. "Nasikia hata mnyororo wangu!"

Mbele ya nyumba ya jirani yao Apolonia alishuka. Kuanzia hapo miiba ilikuwa bado imetanda mpaka gulioni. Jua lilikuwa linazama. Masele akachomeka kijiti pale walipoishia.

"Kesho tuanzie hapa," alisema.